Filamu fupi haikosi kamera, inakosa jicho la pili

MHARIRI,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila nikisoma habari za filamu fupi nakutana na maneno yale yale, kwamba siku hizi mwenye simu ni mtengenezaji filamu. Sina ugomvi na hilo. Tangu 2008, kamera za picha za mnato zenye lenzi za kubadilisha zilipoanza kurekodi video, gharama zimekuwa zikishuka, na 2015 filamu ndefu iliyopigwa kwa simu za mkononi ilioneshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani. Programu nzuri za kuhariri zinapatikana bure. Lakini tunausifia mlango uliokwisha kufunguka, na ule uliofungwa hatuusemi. Anachokosa mtengenezaji anayejitegemea ni mtu wa kuitazama kazi yake kabla haijakamilika, asiyemwonea haya wala wivu.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika 14: kaka na dada wanagawana nguo za marehemu baba yao jikoni. Niliihariri miezi miwili, nikaona imekaa sawa. Rafiki zangu waliitazama wakanipongeza. Kisha nikaiweka, ikiwa bado ghafi, kwenye kundi dogo la mtandaoni la watu wa sanaa, na mtu nisiyemjua, fundi wa sauti, akaniandikia maoni 31, kila moja na dakika yake na sekunde yake. Kwenye 4:12 aliuliza kwa nini jikoni panabadilika. Sikumwelewa. Nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza: dada akizungumza, jokofu linanguruma, kaka akijibu, jokofu limenyamaza. Tulipiga upande mmoja asubuhi na mwingine jioni, na kati yake mtu alichomoa waya. Nilikuwa nimeipita sehemu ile mara mia, na masikio yangu yalishazoea. Akanifundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa yeyote: kabla hamjafungasha vyombo, nyamazeni wote, rekodini ukimya wa chumba hata kwa nusu dakika, maana kila chumba kina ukimya wake na ndio utakaozibia mapengo.

Oni lake la mwisho ndilo lililoniuma. Aliandika kwamba hadithi inaanzia pale dada anaponusa kola ya shati, na kwamba dakika 3 za kabla ya hapo ni mimi bado naitafuta njia. Dakika zile 3 zilikuwa za kaka kutembea kwenda nyumbani kukipambazuka. Tuliamka alfajiri 3 mfululizo kuzipiga, tumebeba kila kitu mabegani. Kumbe nilipokuwa naitazama sehemu ile nilikuwa naona jasho letu. Mtazamaji haoni jasho, anaona mtu anatembea. Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikakata. Filamu ikabaki na dakika 11, na kwa mara ya kwanza nikawaona watu wakinyamaza walipoitazama.

Wapo watakaosema kazi hiyo ya kumwonesha mtu makosa yake ni ya matamasha. Matamasha nayaheshimu, ila hayawezi kuifanya. Tamasha la Clermont-Ferrand kule Ufaransa hupokea maelfu ya filamu fupi kila mwaka. Hakuna namna ya kumweleza kila mmoja alikosea wapi. Unalipa ada, unasubiri miezi, unaletewa barua ya shukrani iliyofanana na ya wenzako wote. Na hata ungeelezwa, filamu imeshafungwa, watu wameshatawanyika.

Ndiyo maana inanisikitisha kuona makundi mengi ya mtandaoni yamegeuka ubao wa matangazo. Mtu anakuja, anabandika kiungo, anaondoka. Chini yake wenzake wanaandika "kazi kali", wanaweka emoji za moto, na nina hakika wengi wao hawakufika hata nusu. Kila mmoja anasubiri kutazamwa na hakuna anayetazama. Sifa za namna hiyo hazimsaidii mtu kujua kwamba mhusika wake ametajwa majina mawili tofauti.

Si lazima iwe hivyo. Mwaka 1999, mjini Montreal, kikundi cha watengenezaji wachanga kilijiwekea sharti la kutoa filamu fupi kila mwezi na kukutana kuzitazama pamoja. Kikundi hicho, Kino, kikazaa vikundi vingine katika miji mingi ya dunia. Hawakuwa na fedha. Walikuwa na tarehe, na walikuwa na watu waliojua kwamba mwezi ujao zamu ya kutazamwa ni yao. Mtu anayejua hivyo huwa mkweli, tena mkweli kwa upole.

Kwa wanaosimamia makundi haya ombi langu ni moja: asiweke mtu kazi yake mpaka awe ametazama za wenzake wawili na kuziandikia kwa dakika na sekunde. Anayehofia kuibiwa wazo, au kukataliwa na tamasha kwa kuwa filamu imeshaonekana hadharani, atumie kiungo chenye nywila kwa watu 5 au 6. Hao wanatosha. Na majina yao yaandikwe mwishoni mwa filamu. Yule fundi wa sauti jina lake limo katika filamu yangu, ingawa hatujawahi kuonana.

Jana usiku nilitazama mara 3 filamu ya dakika 6 ya kijana mmoja wa kundi letu. Watu wawili wanaagana sebuleni, na wanaigiza vizuri mno. Nimemwandikia maoni 17. La kwanza ni kuhusu saa ya ukutani nyuma yao: mazungumzo ni ya dakika moja, lakini saa inaruka kutoka saa nne hadi saa saba. Amenijibu alfajiri. Ameihariri wiki sita, na saa ile hakuwahi kuiona.

Mwongozaji wa filamu fupi