Wanaotaka kazi ya uwindaji waanze na nyayo

Mhariri,

Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai mosi, na kila ukikaribia vijana hunifuata hapa Itigi wakitaka niwaunganishe na kambi za pori la akiba la Rungwa. Swali lao la kwanza ni bunduki. Wanajua nyati hapigwi kwa bunduki ya kipimo kidogo kuliko .375, na aina za risasi wanazitaja bila kukwama. Waulize upepo unatoka wapi, wanatazama mawingu.

Mimi nimefuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji tangu ujana. Kifaa changu ni soksi kuukuu iliyojaa majivu. Ukiitikisa, majivu yanakuonyesha upepo unakoelekea, na hapo unajua kundi lifuatwe au lizungukwe. Mgeni anaweza kushika bunduki ya bei ya nyumba. Upepo ukimpiga kisogoni, harufu yake inatangulia, na nyati hamngoji.

Halafu kuna damu. Ya mapafu huwa na povu, na mnyama huyo hafiki mbali. Ikiwa nyeusi, imechanganyika na majani yaliyotafunwa, basi limepigwa tumbo: kaeni chini kwanza, msimkimbilie. Nyati aliyejeruhiwa huzunguka akajibanza kando ya njia aliyopita, akawangoja ninyi mlioinamia nyayo zake. Ndiyo maana mmoja husoma ardhi na mwenzake hutazama mbele, wala hawabadilishani bila kuambiana. Vyuo vya wanyamapori vya Mweka na Pasiansi nawaheshimu, sheria wanaijua kunizidi, lakini jambo hili huingia kwa miguu.

Hata simba ni hivyo hivyo. Kanuni zinataka dume awe ametimiza miaka 6, na umri huo unausoma kwenye pua na manyoya ya shingo kabla ya kufyatua. Ukishafyatua, kusoma hakusaidii.

(Na jamani, nguo za bluu ziacheni nyumbani. Mbung'o wanazipenda kuliko ninyi mnavyozipenda.)

Ombi langu ni kwa wenye vitalu. Juni, wakati barabara zinafyekwa na kambi zinajengwa, mkabidhini kila mzee wa nyayo vijana wawili atembee nao porini bila bunduki, kisha mlipeni posho. Si hasara: mnyama aliyejeruhiwa akapotelea kichakani hulipiwa kama aliyepatikana, na mgeni aliyelipia mnyama asiyemwona hawi rahisi kurudi mwakani.

Mfuata nyayo,
Itigi, Singida