Katuni za zamani zisafishwe, lakini mistari ibaki

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi iliyopita, mwandishi amezisifu katuni za zamani zilizosafishwa kwa kompyuta kwamba sasa zinang'aa utadhani zimechorwa jana. Mimi ni mchoraji wa hina hapa Ngamiani, Tanga. Huu ni mwaka wa 31 nachora mikono na miguu ya maharusi, na juu ya huko kung'aa nina la kusema.

Mwaka 1996 kaka yangu alirudi kutoka Muscat na kanda ya video ya Cinderella, filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1950. Tuliitazama hadi ikachakaa, picha ikawa inatetemeka kwa chini. Wenzangu walifuata hadithi, mimi nilifuata mistari. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa mistari ile ilitiwa wino na wanawake. Mchoraji alichora kwa penseli. Kisha wanawake wa idara ya wino na rangi wakatandaza plastiki angavu juu ya mchoro, wakaufuatisha kwa kalamu, wakaigeuza na kupaka rangi kwa nyuma ili mstari usifunikwe. Mstari wao unaanza mwembamba, unanenepa penye mkunjo, unaishia kama unywele. Aliyewahi kushika koni ya hina anajua jinsi pumzi inavyobanwa hapo. Wala haukuwa wino mweusi mtupu. Shavu lilizungushiwa wino unaokaribiana na rangi ya ngozi.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja likizo na kompyuta yake, akanionyesha kipande kilekile cha filamu hiyo mara mbili: kwanza kutoka diski ya Blu-ray ya 2012, kisha kutoka toleo lililorejeshwa upya kwa 4K, yaani picha yenye nukta nyingi zaidi, na kuonyeshwa Berlin Februari 2023. Katika lile la kwanza hakuna vumbi wala mkwaruzo, na mikunjo ya gauni pia imekwenda nalo. Binti akisimama, mstari upo, akigeuka, unakatika. Nilimwomba arudishe nyuma mara tano.

Sababu yake inaeleweka. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Vumbi hukaa kwenye picha moja tu, na katika inayofuata halipo. Kwa hiyo programu hulinganisha picha na jirani zake, na chochote inachokikuta kwenye moja tu inakihesabu kuwa uchafu. Sasa mkono unaopunga nao uko mahali pengine katika kila mchoro! Mashine haina namna ya kujua kwamba huo ni wino wa mtu aliyeinama mezani siku nzima. Inaupangusa. Mtu asipokaa kukagua picha baada ya picha, kinachobaki ni rangi bapa zinazoelea.

Rangi nazo zina kisa chao. Mjukuu wangu alipoona toleo la 2023 alisema, "Bibi, gauni wamelikosea rangi." Mkoba wake wa shule una Cinderella mwenye gauni la buluu. Kwenye filamu gauni la dansini ni la rangi ya fedha. Buluu ni ya mikoba na wanasesere. Kosa kama hilo ni rahisi kuingia hata kwenye filamu yenyewe, kwa sababu hasi za enzi hiyo, yaani filamu za awali zilizotoka kwenye kamera, ni nyeusi na nyeupe: kila mchoro ulipigwa picha mara tatu, kupitia kichujio chekundu, cha kijani na cha buluu, na rangi huzaliwa tatu hizo zinapounganishwa. Anayeziunganisha leo ndiye anayeamua, na akiamua kwa kutazama mkoba badala ya michoro ya asili iliyohifadhiwa, watoto watarithi mkoba.

Najua jibu la watu wa usafi: zile chembechembe za filamu hakuna mchoraji aliyezichora, zimetokana na filamu iliyowekwa kwenye kamera, ziondolewe. Ni kweli hazikuchorwa. Lakini mstari mwembamba kuliko yote una unene unaokaribia chembe hizo, na dawa inayoua kimoja inakijeruhi kingine. Mimi ningevumilia chembe.

Sipingi kompyuta. Snow White ya 1937 ilipitishwa yote kwenye kompyuta mwaka 1993 ikarudishwa kwenye filamu, na hilo toleo la 2023 nalo ni kazi ya kompyuta, ila lilianzia kwenye hasi za asili na macho ya watu yalikuwapo. Ninaloomba ni kwamba vituo vyetu vya televisheni vinaponunua katuni za zamani viulize ni toleo lipi, na visivute picha iliyokaribia mraba ijaze kioo kipana hadi nyuso zivimbe.

Nanyi, Mhariri, mna ukurasa wa watoto. Kabla ya kusifu tena, wekeni picha mbili za mkono uleule, ya kabla na ya baada, kubwa za kutosha kuhesabika vidole na mistari yake.

Mchoraji wa hina,
Ngamiani, Tanga