Sifa za mashoto hazitoshi, tupeni viti

Mhariri,

Mimi ni mashoto, mzaliwa wa Langoni, Lamu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu. Nimechoka kuambiwa nilizaliwa na ubunifu. Nilianza kuyasikia kwa mhadhiri, na likizo hii nayasikia barazani kwa wazee wale wale walionichapa kofi la kiganja utotoni kila nilipopeleka mkono wa kushoto kwenye sinia.

Yasemwa kwamba mkono wa kushoto huongozwa na upande wa kulia wa ubongo, na huko ndiko iliko sanaa. La kwanza ni kweli. La pili ni porojo: kubuni hushughulisha pande zote mbili. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa matokeo baada ya kupitia tafiti za zaidi ya karne moja. Vipimo vyenyewe ni kama kumtajia mtu tofali, naye aorodheshe kila matumizi anayoweza kuyafikiria. Mashoto hatukuwashinda wenzetu. Palipokuwa na tofauti ndogo, iliwaegemea wao. Ni kweli tumezidi kidogo kwa wachoraji na wanamuziki, na nadhani uvumi uliotea hapo, lakini ukizikusanya kazi zote za ubunifu, tumepungua.

Mjomba wangu huchonga milango. Naye ni mashoto: patasi kuume, nyundo kushoto. Fundi hodari wa karakana ile si yeye, mwenyewe akiri, bali ni jirani yake wa mkono wa kuume aliyeanza kuchonga maua ya fremu akiwa na miaka kumi na miwili. Akifika kwenye pembe isiyofikika, huhamisha nyundo mkono wa pili bila hata kuitazama. Hakuzaliwa nalo hilo.

Mimi nataka kiti. Ukumbini kwetu viti vyote vina kibao cha kuandikia upande wa kulia. Mtihani wa saa mbili huufanya nimejipinda kiunoni, kiwiko kinaning'inia, wino umenijaa ubavuni mwa kiganja. Muhula uliopita msimamizi alinijia akaniuliza mbona namchungulia jirani. (Kwenye chuo cha Kurani, ambako hati hutoka kulia kwenda kushoto, ubao wangu ulikuwa msafi kuliko wa wenzangu, maana mkono ulitangulia wino. Fimbo nilipigwa vivyo hivyo.)

Mashoto ni karibu mmoja kwa kila watu kumi. Ukumbi wa wanafunzi mia mbili wahitaji viti ishirini tu. Nilimchorea kiti hicho seremala mmoja wa hapa mtaani nikamuuliza kukihamisha kibao ni kazi ya muda gani. Akanijibu: niletee asubuhi, adhuhuri uje ukichukue.

Mashoto,
Langoni, Lamu