Walimu wa kemia, wahesabisheni watoto atomu

Mhariri salaam, naomba nafasi kidogo. Jana usiku binti yangu wa kidato cha pili kakaa na daftari analia, kaandika H2SO4 + NaOH → Na2SO4 + H2O, kawekewa kosa na hajui kwanini, kumbe wanakaririshwa tu. Nikamwagia maharage mezani, kila moja atomu, tukahesabu, maana atomu za kila aina lazima zilingane pande zote mbili za mshale: sodiamu (Na) kulia 2 kushoto 1, basi weka 2 mbele ya NaOH, haidrojeni (H) kushoto zikawa 4 kwahiyo maji yakawa 2H2O, imekaa! Akacheka mwenyewe. Jamani walimu wahesabisheni, na muwaambie ile namba ndogo ya chini haiguswi, ukiandika H2O2 hayo siyo maji tena, ni ile dawa ya kusafishia vidonda.

Mzazi, Morogoro