Taarifa ya Mwenyekiti wa Bodi kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Januari hadi Desemba 2025

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Nawashukuru mliofika, hasa mliofika saa tatu asubuhi kama tangazo lilivyosema. Mnaoingia sasa hivi, karibuni, viti vipo vingi kuliko tulivyotarajia.

Kwa mujibu wa masharti ya chama chetu cha ushirika wa baiskeli hapa Tanga, natakiwa kuwaeleza tulichofanya, fedha zilivyoingia na kutoka, na hali ya uongozi. Nitafanya hivyo. Kwenye suala la uchaguzi nitakaa zaidi, kwa kuwa maneno yamekuwa mengi barazani na mezani kwangu hayajaletwa.

1. Kazi za mwaka

Karakana ya Ngamiani ilifanya kazi mwaka mzima, isipokuwa sikukuu za Idi na zile siku za masika maji yalipoingia ndani. Juni 3, Siku ya Baiskeli Duniani, tulifanya msafara hadi Raskazone na kurudi. Jumamosi ya kwanza ya Julai tulishiriki Siku ya Ushirika Duniani. Mafunzo kwa vijana yalifanyika awamu mbili: kuziba pancha, kunyoosha rimu, kubadilisha gololi na kutunza cheni isiliwe na chumvi ya bahari. Baiskeli 310 zilitengenezwa. Mengine mnayajua, yamebandikwa ukutani karakana.

Niongeze moja tu. Mtakumbuka kulikuwa na mvutano juu ya kununua tairi kwa jumla. Wapo waliotaka tuchukue za baiskeli kuukuu zinazotoka Japani, kwa kuwa vijana wanazipenda. Mimi nilisema tuchukue za inchi 28, kwa sababu muuza mkate, muuza madafu na fundi mwashi wa mji huu bado wanapanda baiskeli ile ndefu ya chuma yenye keria. Zimekwisha zote. Kumbukumbu za kikao zipo, atakayetaka kujua nani alisema nini azisome.

2. Mapato na matumizi

Mhasibu atawasomea hesabu kamili. Kwa kifupi, mapato yalikuwa Sh 4,860,000: ada Sh 1,021,000, kazi za karakana Sh 2,914,000, mauzo ya baiskeli kuukuu zilizofufuliwa Sh 925,000. Matumizi Sh 4,512,000: kodi ya banda Sh 1,200,000, vipuri Sh 2,180,000, umeme, ulinzi na shajala Sh 612,000, gharama za mikutano Sh 520,000. Salio Sh 348,000. Kuhusu hizo za mikutano, ambazo najua mtaziuliza: uchaguzi uliitishwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hamkuja, na maandazi ya mara ya kwanza hayakuweza kurudishwa dukani.

3. Uchaguzi wa bodi na suala la Jumamosi sita

Nianze na masharti, kwa kuwa masharti si yangu. Chama chetu kimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Masharti yalipitishwa na mkutano mkuu na kupelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika kabla sijawa hata mjumbe. Humo imeandikwa kwamba anayegombea bodi awe mwanachama aliyelipa ada na anayeshiriki kazi za chama. Kwa miaka yote hakuna aliyeuliza kushiriki huko kunapimwaje. Mtu alikuwa anaonekana karakana siku ya kuchukua fomu, anashika spana, anapigwa picha, anachaguliwa. Baadaye anahudhuria vikao viwili na kupotea hadi uchaguzi mwingine. Wajumbe wa namna hiyo mnawafahamu, baadhi mmekaa nao hapo.

Mwezi Machi bodi iliamua kwamba kushiriki maana yake ni kujitolea karakana angalau Jumamosi sita ndani ya miezi kumi na miwili, kwa ushahidi wa daftari la mahudhurio. Tangazo likabandikwa mlangoni mwezi huohuo. Uchaguzi ulikuwa Septemba. Katikati zilipita Jumamosi zaidi ya ishirini. Walioomba walikuwa 11 kwa nafasi 7. Watatu hawakutimiza, majina yao hayakwenda kwenye kura. Wakabaki wanane.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

La kwanza, kwamba uamuzi ulimlenga mtu. Ndugu huyo ana hisa nyingi kuliko yeyote kati yetu, na mwaka 2024 alitusaidia sana kwa vipuri. Namheshimu na nimemwambia hivyo ana kwa ana. Lakini kwenye daftari hana saini hata moja. Ushirika haukuanzishwa kwa ajili ya kuhesabu hisa. Wafumaji wale wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 walifungua duka lao wakiwa na mtaji mdogo, na utaratibu uliotokana nao ni mwanachama mmoja, kura moja, awe na hisa moja au mia. Mwenye hisa nyingi anapata gawio lake siku likipatikana. Kiti cha bodi hakimo kwenye gawio. Kusema mwenyekiti alimwogopa ni kunivunjia heshima. Mimi nimeongoza chama hiki tangu kilipokuwa na pampu moja na benchi la kuazima.

La pili, na hili lilisemwa na vijana wasomi, kwamba kujitolea kukishawekewa idadi si kujitolea tena. Hoja hii ina utamu wake. Ila tuangalie nani alilazimishwa nini. Hakuna aliyenyimwa kupiga kura kwa kuwa hakujitolea. Hakuna aliyenyimwa kutengeneza baiskeli yake wala kuazima spana. Aliyezuiwa ni yule anayetaka kuamua fedha za karakana ambayo hajui mlango wake unafungukia upande gani. Kugombea bodi hakuna aliyelazimishwa, basi asilalamike kwamba kazi yake inaanza kabla ya cheo.

La tatu ni zito, nami sitalipita haraka. Mmoja wa wale watatu ni mama yetu wa biashara ya samaki. Jumamosi asubuhi yuko Deep Sea anangojea mashua, hawezi kuwa Ngamiani na mikono ya grisi. Bodi ililiona hilo. Kuanzia Julai tukafungua karakana Jumatano jioni, na saini ya Jumatano ikahesabika sawa na ya Jumamosi. Mama alikuja Jumatano nne. Mwanawe alikuja mara nyingi kuliko wengi wenu, na ni kijana hodari wa kunyoosha rimu, lakini mwanachama ni mama. Bodi ilijadili kama ihesabu saini za mtoto. Wajumbe watatu walikubali, wanne tukakataa, kwa sababu tukifungua mlango huo kesho kila mtu ataleta mpwa. Imeniuma. Ila nne si sita, na tungemruhusu mama tungekosa la kumwambia mwenye hisa. Mliosema bodi haina huruma hamkukaa kwenye kile kikao, kilichokwisha saa mbili usiku.

La nne linanihusu mwenyewe. Imesemwa kwamba saini zangu katika daftari ni nyingi lakini hakuna aliyeniona nimeshika spana. Ndugu wanachama, kusimamia nako ni kazi. Nani alikuwa anapokea wateja? Nani alizungumza na mwenye banda kodi isipande? Nani alikaa na mlinzi pampu ilipopotea? Nina umri huu, mgongo huu, na bado nafika kabla ya wenye miaka ishirini. Kama kuna aliyetaka niiname chini ya baiskeli ndipo aamini, angekuja Jumamosi angeniona, lakini huyo aliyesema hivyo naye hayumo kwenye daftari.

Mkutano wa kwanza wa uchaguzi haukutimiza akidi. Tuko 94 kwenye rejesta, akidi ni nusu, mlikuja 29. Mkutano wa pili, ambao masharti yanaruhusu uendelee na waliopo, mlikuja 38. Kwa nafasi saba walishindana wanane. Wengine wamecheka kwamba ulikuwa uchaguzi wa kumwangusha mtu mmoja. Ushindani ni ushindani, na aliyeanguka amepokea matokeo kiungwana kuliko waliomcheka. Mimi nilipata kura 31. Aliyeongoza ni mtunza vifaa wetu, kura 36, nampongeza. Bodi mpya ilipoketi ilinichagua tena kuwa mwenyekiti. Sikuomba. Nilipendekezwa.

4. Mahudhurio ya kujitolea

Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika. Tulichapisha fulana. Fulana zilikwisha siku moja, na waliozivaa nimewaona mjini, Chumbageni, Makorora, hata kwenye harusi. Karakana sijawaona.

Jumamosi ya kawaida wanafika watu watano au sita, na ni walewale. Mmoja anaziba pancha, mmoja anapanga gololi kwenye makopo, mmoja anafundisha watoto, wengine wanahangaika na friwili iliyoganda kwa kutu. Saa saba mchana wanafunga, wanafagia, wanakwenda. Hawajawahi kudai nauli. Jumamosi yenye pilau, ile ya kuaga mwaka, tulihesabu watu zaidi ya hamsini, na wawili kati yao hakuna aliyewajua.

Nimeambiwa watu hawaji kwa sababu hawajui kazi. Ndiyo maana yapo mafunzo. Nimeambiwa hawaji kwa sababu mwenyekiti ni mkali. Sitajibu hilo. Nimeambiwa pia kwamba tangu tuweke Jumamosi sita, wasio na nia ya kugombea wameona kujitolea ni kwa wanasiasa wa chama, basi wamekaa pembeni. Hili nimelifikiria. Nikafungua daftari la 2024, kabla ya uamuzi, na idadi ilikuwa hiyohiyo ya watano au sita. Kwa hiyo uamuzi wa bodi haukumfukuza mtu, maana hapakuwa na mtu wa kufukuzwa.

5. Ada

Ada ni Sh 2,000 kwa mwezi. Ni bei ya soda kadhaa. Wanachama 94 wangelipa wote tungekuwa na Sh 2,256,000. Tumepata Sh 1,021,000. Mnadaiwa Sh 1,235,000, na kodi ya banda kwa mwaka mzima ni Sh 1,200,000. Fanyeni hesabu wenyewe.

Orodha ya wadaiwa iko kwa mhasibu. Nilitaka isomwe hapa hadharani, bodi ikanizuia kwa kura. Nimetii. Lakini yuko mwanachama mwenye deni la miezi kumi na minne aliyenunua pikipiki mpya mwaka huu, akaja kuiegesha karakana kwa kuwa pana mlinzi. Mlinzi huyo analipwa na nani? Yuko mwingine anayesema atalipa siku chama kitakapomrudishia imani. Imani hiyo aliipoteza miezi miwili baada ya kuacha kulipa, nimeangalia tarehe. Na aliyeazima pampu ya mguu mwezi wa Agosti kwa siku moja, tunaomba airudishe, hata usiku, hata aiache mlangoni.

Niseme pia, kwa haki, kwamba waliolipa mwaka mzima bila kukumbushwa wengi ni wenye kipato kidogo: wabeba mizigo, wauza kahawa, na yule mama wa samaki, ambaye hana deni hata la mwezi mmoja.

6. Mwaka ujao

Mungu akipenda, tunatarajia kuongeza wanachama, hasa akina mama na wanafunzi. Tunatarajia kupata mashine ya upepo badala ya pampu za mkono. Lipo wazo la kuwa na tawi upande wa Pongwe, uwezo ukiruhusu. Tunaendelea pia kufuatilia suala la kiwanja chetu wenyewe. Mazungumzo ni mazuri ingawa hayajafika mahali pa kuyasema. Wafadhili wanakaribishwa.

Kuna ajenda namba 7, iliyoletwa kwa saini za wanachama 17, inayotaka Jumamosi sita ziwe tatu, na saini ya mtoto au mwenza anayefanya kazi kwa niaba ya mwanachama ihesabiwe. Nimeipokea na kuiweka kwenye ratiba bila kuichelewesha siku moja, ingawa kumi kati ya hao kumi na saba wanadaiwa ada na ningeweza kusema neno. Msimamo wangu mnaujua. Ikipita, itaingizwa kwenye masharti yenyewe na kupelekwa kwa Mrajis, na uchaguzi ujao utafuata hayo. Ila kura ya leo inahitaji akidi, nami nimehesabu vichwa tangu nianze kusoma: tuko 44, bado watatu. Mnaojua jirani aliyelala, mpigieni simu sasa, atakuwa bado na muda mhasibu akisoma hesabu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti wa Bodi