Mada ya J'mosi: Sir John Moore

Wadau habari zenu, J'mosi saa 3 usiku tunaanza na huyu jenerali wa Uingereza Sir John Moore, wale mliotaka Wellington (jenerali mwingine wa Uingereza) mtulie kwanza zamu yake inakuja.

Jamaa kazaliwa Glasgow 1761, kapigana Corsica, Uholanzi, Misri 1801, majeraha kibao, halafu 1803 akawa anafundisha askari wepesi (wa miguu, wenye mwendo wa haraka) pale kambi ya Shorncliffe, Uingereza, anataka askari atumie akili sio kuogopa viboko tu, mi hapo ndo alinikuna.

Sasa ishu yenyewe ni Hispania, alikoongoza jeshi la Waingereza dhidi ya Wafaransa wa Napoleon. Mwishoni mwa 1808 Napoleon keshaingia Madrid, Moore badala ya kukimbia moja kwa moja akasogea kwanza kumtishia Marshal Soult, kamanda wa Napoleon, Napoleon akageuza jeshi kumfuata yeye, basi ikawa mbio kwenye milima ya Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania, katikati ya theluji, askari wengine peku, nidhamu ikavunjika, wanavamia maghala ya mvinyo, hadi mapipa ya hela za jeshi yakasukumwa bondeni maana ng'ombe wa kuvuta wamechoka. Wapo wanaosema alizembea, mi nakataa, njooni tubishane.

Tarehe 16 Januari 1809 pale Corunna, mji wa bandari huko Galicia, wakipigana na Soult, tufe la mzinga likamfumua bega la kushoto, upanga wake mwenyewe ukawa unamchoma kwenye kidonda, wenzake wakataka kumvua huo upanga akagoma. Akafa jioni hiyo, jeshi likapanda meli, na Soult ndo aliagiza ajengewe mnara, adui yake jamani!

Voisi ndefu hapana plz, bando zinaisha.