Jiki Irudishe Uani

Dar es Salaam,
8 Juni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na pole kwa hilo tangi lako la samaki wa baharini. Barua yako nimeisoma, kwamba mawe yameota mwani na unataka kuyaosha kwa Jiki, na picha nimezitazama. La kwanza: Jiki irudishe uani. Ukiyaosha mawe kwa Jiki utawaua bakteria wanaoondoa amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, waliotumia wiki tano kujijenga, na samaki wako wawili watakutana na amonia hata kabla mwani haujarudi. Na utarudi tu, maana kinachoulisha hujakigusa. (Nauita mwani kwa kukosa jina jingine, si ule wanaoulima akina mama wa Paje, Zanzibar.)

Kwenye picha zako mna vitu viwili, na dawa zake hazifanani.

Vumbi la kahawia juu ya mchanga na kioo ni dayatomu, vijimea vidogo mno vya majini. Hujenga maganda yake kwa silika, na silika imo kwenye mchanga mpya na kwenye maji ya bomba. Mara nyingi huja wiki ya pili au ya tatu, kisha hutoweka yenyewe silika ikiisha, mradi usiiongeze. Nawe unaiongeza kila siku! Umeandika kwamba maji yakipungua unajazia ya bomba. Kinachopanda hewani ni maji matupu. Silika, fosfeti (chakula cha mwani) na vinginevyo vinabaki. Tangi la lita 120 likipoteza lita moja kwa siku, kwa mwezi umeshamimina lita 30 za bomba, robo ya tangi, na vyote vilivyokuwamo vimebaki humo.

Jazia maji yaliyopita kwenye mashine ya RO (huchuja maji kwa kuyasukuma kwenye utando) yenye resini ya kunasa madini mwishoni, kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kikisoma 0. Ya chupa ya kunywa acha, kwani yana madini. Maji ya betri yanaweza kukuvusha kwa siku chache, ila pima TDS yake na usome kopo mara mbili, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa rafu hiyohiyo.

Nyuzi za kijani ndizo zenye kazi. Unashangaa kipimo cha fosfeti kinasoma 0 huku nyuzi zinarefuka. Zinaila kabla haijafika kwenye kichupa chako, basi. Mawe yaliyoingizwa tangini makavu huweza kuitoa kidogokidogo kwa miezi, na nyuzi zimekaa juu yake kama mbuzi kwenye pumba. Kwa hiyo namba ya kipimo isome pamoja na macho yako.

Anza na mkono. Siku ya kubadilisha maji, zima pampu, kisha funga mswaki mgumu kwenye ncha ya mpira wa kunyonyea maji, ili unaposugua vipande vivutwe palepale. Kusugua bila kunyonya ni kupanda mbegu, kwani kipande kinachoelea hushika jiwe jingine. Jiwe linalotoka litoe, ulisugue kwenye ndoo ya maji uliyonyonya, kamwe si kwa maji ya bomba. Penye nyuzi sugu, jiwe likiwa nje, dondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa bomba la sindano, subiri dakika mbili au tatu, suuza kwa maji chumvi, rudisha. Duka la dawa likikupa ya asilimia 6, izimue nusu kwa nusu. Usiimimine moja kwa moja tangini. Hata wanaofanya hivyo huanzia mililita moja kwa lita 40, na kamba ndio huumia mwanzo. Rudia kazi hii kila wiki kwa wiki sita hivi, usikate tamaa ya tatu.

Kubadilisha maji peke yake hakutakuokoa. Ukitoa lita 12, naitreti, nayo chakula cha mwani, ikiwa miligramu 40 kwa lita inashuka hadi 36 tu. Tena inategemea unaingiza maji gani. Ya bahari ya Raskazone, hapo Tanga, chota yakiwa yanajaa, karibu na kujaa kabisa, usichote yakipwa, na mvua ikinyesha subiri siku kadhaa, kwani mifereji yote humwaga huko. Chuja kwa kitambaa kizito, pima chumvi isome 35 kwa elfu, yaani 1.026 hivi kwenye kipimo cha uzito wa maji.

Taa saa 12 kwa siku ni nyingi. Weka 7, na dirisha lile lifunge pazia. Chakula kiwe cha kumalizwa ndani ya dakika mbili. Cha barafu kiyeyushe kwenye chujio na umwage majimaji yake.

Sasa hapa nakuomba unisikilize sana. Usiikimbize namba 0. Lenga naitreti 5 hadi 10 na fosfeti 0.03 hadi 0.1. Ukitia dawa ya kunyonya fosfeti kupita kiasi, nyuzi zitakufa kweli, halafu nafasi yake huweza kushikwa na dainoflajeleti: ute wa kahawia wenye mapovu, unaoweza kuua konokono, na unaostawi pale vitu vingine vinapokufa njaa. Huo dawa yake ni kinyume: unaacha kubadilisha maji na unaongeza chakula. Ukiona utando wa rangi ya damu ya mzee, unaobanduka kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, hao ni bakteria wa aina nyingine. Unyonye, kisha elekeza pampu pale ambapo maji yamelala.

Konokono wa kula mwani, watano au sita, wanatosha kwa sasa, uwazoeshe kwa matone ya maji ya tangi muda wa saa nzima. Ukiokota mwenyewe mwambani, ganda lenye umbo la koni usiliguse: sumu ya Conus geographus imeua watu. Samaki kama kangaja na tasi wanakula mwani vizuri, lakini lita 120 ni ndogo kwao, na miiba ya tasi waulize wavuvi.

Kabla hujafanya lolote, nipigie picha mbili za mchanga palepale: moja usiku taa inapozimwa, nyingine alfajiri kabla haijawaka. Dayatomu utaikuta ilivyokuwa. Ute wa dainoflajeleti hupungua usiku. Jaribio jingine: chukua maji yenye huo ukahawia kwenye chupa, tikisa sana, pitisha kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, kisha uyaweke mwangani saa moja. Yakijifunga tena nyuzinyuzi, niambie haraka, maana nusu ya niliyoandika hapa itabidi uigeuze.

Wako,
Zuhura